Ghala la kahawa kuwa makumbusho: shajara ya mradi wetu, Old Moshi

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo tumekabidhiwa funguo. Ghala lilikuwa la chama cha msingi cha ushirika, mahali ambapo wakulima wa vihamba (mashamba ya nyumbani) vya huku juu walileta kahawa yao ipimwe kabla ya kushushwa Moshi mjini. Kwa miaka mingi limebaki la kuhifadhia viti vya harusi na misiba. Kuta ni za mawe, juu bati, madirisha mawili yana nondo, na sakafu ya saruji imepasuka kuanzia mlangoni hadi katikati.

Ukutani, pale mizani ilipokuwa inaning'inia, kuna namba za kilo zilizoandikwa kwa chaki ya bluu, safu juu ya safu, nyingine zimefutwa kwa kiganja na kuandikwa tena. Vijana walikuja na ndoo ya chokaa tayari kupaka. Nikawaomba waruke kipande kile cha ukuta, upana wa hatua mbili. Kabla hatujapokea kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote, hicho ndicho kitu chetu cha kwanza.

Niseme tunachokusudia. Tunataka makumbusho madogo ya kata, ya mambo ya asili na maisha ya watu wa upande huu wa Mlima Kilimanjaro, kwa pamoja. Makumbusho ya Taifa wana nyumba nzuri Arusha: la historia ya asili kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1900, na la Azimio la Arusha. Nimepeleka wanafunzi kote kuwili. Lakini mtoto wa hapa kijijini Kidia anafika huko mara moja katika maisha yake ya shule, basi likipatikana. Bibi yake hafiki kabisa, na bibi ndiye mwenye vitu.

Tuko 6: mimi mwalimu wa baiolojia, karani mstaafu wa chama, fundi seremala, na vijana 3 waliomaliza kidato cha nne.

Jumamosi, 15 Februari

Tumeshinda kwenye daftari. Tumechora mistari tu kuanzia asubuhi hadi saa tisa.

Kila kitu kinachoingia kinapewa mwaka na namba yake: 2025.1, 2025.2, na kuendelea. Namba inaandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu, kisha kinafungwa kwa uzi wa pamba. Ni penseli kwa sababu wino ukipata unyevu unatawanyika. Selotepu marufuku, maana gundi yake inabaki na kung'oa rangi. Kwenye daftari tunaandika ni kitu gani, kimetoka kwa nani, kilipatikana wapi, kilifanya kazi gani, aliyekileta anakiitaje kwa Kichagga cha kwao (cha hapa si cha Machame wala cha Rombo), na kama ametoa moja kwa moja au ameazimisha.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, si tungeanza kukusanya vitu kwanza, haya maandishi yafuate?" Nikawakalisha kwenye viti vya misiba nikawasimulia habari ya Marjorie Courtenay-Latimer.

Huyu dada aliajiriwa mwaka 1931, akiwa na miaka 24, kutunza makumbusho madogo ya mji wa bandari wa East London, Afrika Kusini. Yalikuwa makumbusho ya aina tunayoitaka sisi: ndege, mawe, magamba ya bahari, shanga, vyombo vya watu wa pale. Alikuwa amezoeana na wavuvi, wakipata kitu cha ajabu wanampigia simu. Tarehe 22 Desemba 1938 nahodha Hendrik Goosen alimwita bandarini. Chini ya rundo la papa akaona pezi la bluu. Akaondoa samaki wengine hadi akamfikia: urefu mita 1.5, uzito kilo 57 hivi, magamba magumu kama ya chuma, mapezi yana mikono kama miguu ya kutambaa.

Hakujua ni nini, ila alijua hajawahi kukiona. Akabembeleza dereva wa teksi akubali kumbeba samaki anayenuka. Akaenda chumba cha maiti, wakakataa kumpokea. Akaenda kwenye majokofu ya mjini, wakakataa. Ilikuwa kiangazi cha kule, joto kali. Mwishowe akamfunga kwa vitambaa vilivyolowekwa formalini, akachora picha yake kwa mkono, akaandika vipimo vyake na mahali alipovuliwa, akaituma kwa mtaalamu wa samaki, J. L. B. Smith. Ilikuwa msimu wa Krismasi, barua ikachelewa. Jibu lilipokuja kwamba mifupa na matamvua vitunzwe, fundi alikuwa ameshamchuna ngozi ili asiharibike wote, na sehemu za ndani zilikuwa zimetupwa.

Alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani miaka milioni 65 hivi iliyopita. Wa pili hakupatikana mpaka mwaka 1952, huko Komoro. Kwetu Tanzania walianza kunaswa mwaka 2003, na upande wa Tanga wengi wao waliingia kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Smith alimpa samaki yule jina la Latimeria chalumnae: Latimer ni yule dada, Chalumna ni mto ambao karibu na mlango wake ndipo alipovuliwa. Nikawaambia vijana waangalie jina lenyewe. Limebeba aliyemleta na mahali alipotoka, yaani safu mbili za daftari letu. Matumbo yamepotea, lakini hizo mbili hazikupotea, kwa sababu kuna mtu aliziandika siku ileile.

Baada ya hapo mistari ilichorwa bila mtu kulalamika.

Jumapili, 2 Machi

Hatukufanya kazi. Leo ni siku ya Mangi Meli, chifu wa hapa, aliyenyongwa na Wajerumani hapa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Watu wa huku wanajua na watoto wanafundishwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta kwa miaka mingi.

Nilikaa na karani mstaafu baada ya ibada. Alinikumbusha tangazo la Berlin la mwaka 2023: baadhi ya mafuvu yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni yamepimwa vinasaba, na machache yamepatiwa ndugu walio hai, likiwemo la mmoja wa watu wa karibu wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Zaidi ya mafuvu 1,000 yalichunguzwa. Walioyachukua walikuwa watu wa makumbusho, watu wa namba na makabati, na bado wajukuu wametakiwa kutoa mate yao ili ijulikane nani ni nani.

"Mwalimu," akasema, "pale kwenye safu ya 'kimetoka kwa nani', tuongeze 'na alikubali?'"

Tumeongeza. Kila anayeleta kitu anasaini au anaweka dole gumba, na anaweza kukirudisha kwake akibadili mawazo.

Jumamosi, 22 Machi

Masika yameanza mapema huku juu. Ukungu unashuka saa kumi na hauondoki hadi asubuhi. Leo nimefungua kabati nikakuta vibuyu viwili vya maziwa vimeota utando mweupe shingoni, na chini ya kigoda kilichowambwa ngozi kuna unga laini wa kahawia. Nimeukusanya kwenye karatasi nikauangalia kwa lenzi ya maabara: vinyesi vya vijidudu, na maganda matupu ya viwavi vyenye manyoya. Hivi vinakula ngozi, pembe, manyoya na sufu. Mbao havina habari nazo.

Dawa ya kunyunyizia sitaki, inaacha mafuta na watoto watashika. Njia iliyo salama ni baridi. Kitu kinafungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, hewa inatolewa, kinawekwa kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Kikitoka mfuko haufunguliwi kwa siku nzima, ili umande ugande nje ya mfuko na kitu kibaki kikavu.

Friza sasa. Mwenye bucha alisema hapana, na ninamwelewa, ana nyama za watu. Duka la pili walikubali, kisha mama mwenye duka aliposikia kigoda kilikuwa cha marehemu akarudisha neno lake kwa heshima. Nilirudi nyumbani nikimfikiria yule dada na teksi yake. Jioni jirani yangu anayeuza barafu na juisi akanipigia: "Leta kwangu, mwalimu, nina friza la zamani, nitalisafisha." Amelitenga kabisa. Kigoda kinatoka tarehe 5.

Vibuyu havihitaji friza. Tumevifuta kwa brashi kavu nje, kwenye upepo, tumevirudisha juu ya rafu mbali na ukuta. Seremala anatoboa matundu ya hewa juu ya madirisha, yenye wavu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kigoda kimetoka salama. Unga umekoma.

Jambo zito la leo ni jingine. Kuna mzee alikuja mapema, amevaa koti lake la kanisani, amebeba kitu kwenye shuka. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa, akafungua shuka polepole. Ngozi ya chui, nzee, imekakamaa, imetoboka sikioni. Ilikuwa ya babu yake. Alikuwa ameiweka darini miaka yote na sasa anataka ikae pazuri.

Ilibidi nimwambie kwamba hatuwezi kuipokea. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi, meno na pembe za wanyamapori ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa, hata kama ni za urithi. Hilo linamhusu yeye na linatuhusu sisi. Niliona uso wake ukibadilika. Mtu amekuja kutoa, anaambiwa habari za kosa.

"Meku," karani akamwambia, "hatuikatai habari yako. Kaa, utusimulie."

Akasimulia saa nzima. Babu yake hakumwinda yule chui; alimkuta amenaswa kwenye mtego uliotegewa nguruwe pori, juu ya mfongo (mfereji wa maji ya mashamba), karibu na msitu. Alisema mfongo ule unaitwaje na ukoo gani uliuchimba, na siku ya zamu ya maji ilivyotangazwa. Yote tumeandika. Jumatatu nitakwenda naye kwa ofisa wanyamapori ili aikabidhi kwa utaratibu, asipate matatizo.

Kwenye daftari imeingia 2025.23: "Habari ya chui wa mfongoni. Ngozi haikupokelewa." Vijana walishangaa kwamba habari tupu inapewa namba. Kwangu mimi ni kati ya vitu bora tulivyo navyo, maana mfongo ule haupo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuona.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, vijana wote wamekuja. Rafu tatu zimesimama.

Tulibishana kama chumba kigawanywe, asili kulia na jamii kushoto. Nilikuja na mawazo hayo mwenyewe, ndivyo nilivyoona kwingine. Yaliyonibadilisha ni ganda la msesewe. Mama mmoja anayepika mbege alituletea kipande, urefu wa kiganja: nje kijivu chenye mipasuko, ndani njano, na ukigusa ncha ya ulimi unakunja uso papo hapo. Bila ganda hilo mbege haina ule uchungu wake. Kwa mwalimu wa baiolojia ni Rauvolfia caffra, mti wa kingo za mito. Kwa mama yule ni kiungo cha pombe ya ndizi na ulezi, ambayo bila hiyo posa haiendi na msiba haukaliki. Ningeliweka upande gani? Na isale je, ambalo ni mmea wa mpakani na pia ndilo mtu analoshika akienda kuomba msamaha?

Basi hatugawi. Rafu zinakwenda kwa mwinuko kama mlima wenyewe: chini tambarare na reli, katikati kihamba, juu msitu, na juu kabisa barafu.

Rafu ya barafu ina kitu kimoja tu mpaka sasa, picha ya kilele cha Kibo iliyotoka sebuleni kwa familia moja, nyuma imeandikwa kwa kalamu "Krismasi 1958". Tutaitundika karibu na dirisha ambalo, kukiwa hakuna mawingu, Kibo inaonekana. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Sitaweka maneno mengi pale. Mtu ataangalia picha, atageuka dirishani.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimepungua. Vitu vimefika 41.

Namba 41 yenyewe: kaka mmoja anayesafisha nyumba ya marehemu mama yake alileta kopo la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na vifungo, risiti za dawa ya kahawa, na chini kabisa ukanda wa ngozi, upana vidole viwili, umeshonewa kauri 11. Hajui ni wa nini. Mama hakuwahi kuutaja.

Nimekaa nao karibu na dirisha kwa muda mrefu. Kauri zote zimesagwa mgongo ili uzi upite, zimebaki bapa kama vifungo. Kwenye tatu kuna alama hafifu ya njano ukingoni, mabaki ya ile pete ya njano inayozunguka mgongo wa kauri wa pwani yetu. Kwa hiyo hivi vilitoka baharini, kwa njia za misafara ya kutoka Pangani na Tanga iliyopandisha vitambaa, shanga na kauri na kushusha pembe za ndovu, muda mrefu kabla reli ya Tanga haijafika Moshi mwaka 1911. Safari yote hiyo, vikaishia kwenye kopo la biskuti.

Upande mmoja wa ngozi una mshono uliokatika, maana yake ukanda ulikuwa umeshikizwa kwenye kitu kikubwa zaidi. Kijana alikuwa ameshaanza kuusugua mshono kwa brashi ili uchafu utoke. Nikamshika mkono. Kwa lenzi, ndani ya mshono, kulikuwa na punje mbili za mviringo, kahawia iliyoiva, ndogo kuliko kichwa cha pini, ya tatu imepasuka. Tumeziacha hapohapo. Nimeziandika zilivyo: punje 3, mahali zilipo, na mchoro.

Safu ya kazi yake imebaki tupu. Karani alishauri tuandike "pambo", nikakataa. Tukiandika pambo, kesho kila mtu atasema pambo.

Jumamosi, 14 Juni

Yule kaka amemleta shangazi yake kutoka Mbokomu. Ana miaka 80 na zaidi, macho yamefifia, anatembea na fimbo. Tulimpa shikamoo, tukampa kiti karibu na mlango penye mwanga. Hatukumwambia chochote, tuliuweka tu ukanda mapajani mwake.

Aliupapasa kauri moja moja kwa kidole gumba. Alipofika ya saba akasimama, akarudi nyuma, akahesabu tena.

"Moja ilitoka," akasema. "Zilikuwa kumi na mbili. Hii ni ya mkoba wa bibi."

Mkoba wa nini, shangazi?

"Wa mbegu. Alikuwa anaweka mbegu ya ulezi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingiza mkono humo ila yeye."

Kijana aliyekuwa na brashi mwezi uliopita aliniangalia. Nikachukua lenzi, nikamwonyesha shangazi punje, ingawa hakuweza kuziona. Nikamweleza rangi na ukubwa. Akacheka kwa furaha, akasema, "Si nimewaambia?" Akaendelea kutueleza shamba la ulezi lilikuwa wapi, huko chini, mwendo wa asubuhi nzima, jinsi wanawake walivyotangulia kabla ya jua, na bibi akiwa na mkoba kiunoni. Mkoba wenyewe uliliwa na panya mwaka ambao hakuukumbuka. Mama yake huyu kaka, wakati huo bibi harusi mgeni, ndiye aliyeokoa ukanda.

Kaka mtu alikuwa amesimama mlangoni, hajawahi kusikia lolote kati ya hayo. Alituomba nakala ya tuliyoandika.

Jumamosi, 5 Julai

Kahawa za kwanza zimeanza kuiva. Tumeweka mafuta kwenye mashine ya mkono ya kumenyea kahawa tuliyopewa Mei (2025.38), tukamimina ndoo moja ya matunda mekundu. Ilikwama mara mbili, seremala akarekebisha nafasi ya ngoma na kisu, kisha ganda likatoka huku na mbegu zenye utelezi huku. Watoto wa jirani walipokezana mpini. Kwa mara ya kwanza ghala limenuka kahawa tena.

Bado hatujafungua rasmi na sina haraka. Kibali cha kuendesha mahali hapa kinashughulikiwa, matundu ya hewa yamekamilika upande mmoja tu, na friza la jirani lina mikeka miwili hadi Alhamisi.

Vibandiko vya rafu ya kihamba vimeanza kuandikwa. Cha namba 41 nilikiandika hivi: "Ukanda wa ngozi wenye kauri 11 za pwani. Ulipamba mkoba wa mbegu za ulezi. Kauri ya 12 ilipotea. Ndani ya mshono mna punje 3 za ulezi." Nikampelekea shangazi Mbokomu, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimeanza vibaya: nimeanza na ngozi. Akanitajia jina la bibi yake, la ukoo na la kijiji alikozaliwa kabla ya kuolewa, akanifanya niyarudie mara mbili ili nisiyakosee.

Nimeandika upya usiku huu. Jina liko mstari wa kwanza.